Moshi Umefikishwa Tribunalini

Mimi ni mzee wa miaka 73, karani wa tribunali aliyekwisha kupumzishwa kazi, mwenyeji wa Kalehe kando ya ziwa Kivu. Leo nataka kuwasimulia ugomvi niliouona mezani pa binti yangu huko Bruxelles. Haukuwa ugomvi wa mali, wala wa mahari, wala wa pombe. Walikuwa wakigombana juu ya moshi.

Ilikuwa mwezi wa novemba, mwaka wa 2023. Binti yangu ni muuguzi katika hospitali ya kule, na mume wake, mtoto wa Uvira, anaendesha kamyo ndogo ya kupeleka mizigo nyumba kwa nyumba. Jioni ya alhamisi, tarehe 30, tulikuwa tumeketi kula. Radio ikatangaza kwamba Tribunali ya Rufani ya Bruxelles imekata neno: serkali kuu ya Ubelgiji imekosa, na majimbo mawili, Flandre na Bruxelles, yamekosa pia. Wote wanaamriwa kufanya sehemu yao ili moshi wa nchi upungue mpaka mwaka wa 2030, angalau sehemu 55 katika 100, ukilinganishwa na moshi wa mwaka wa 1990. Jimbo la tatu, Wallonie, halikuonekana na kosa.

Binti yangu akapiga vigelegele kama mtu aliyepokea bibi arusi. Mume wake akaweka uma chini. Hapo nikajua kwamba chakula kitapoa.

Kwanza nieleze moshi huu ni upi, maana si ule wa jikoni unaotutoa machozi. Tukichoma mazutu, essence au makaa ya mawe, pamoja na moshi mweusi hutoka hewa isiyoonekana wala kunuka, ndiyo hewa ya makaa. Hewa hiyo haianguki chini kama masizi. Hukaa juu miaka mingi sana, nayo hufanya kazi ya blanketi: joto la jua huingia, lakini likitaka kutoka huzuiwa. Katika sehemu milioni moja za hewa tunayovuta, mwaka wa 1960 zilikuwamo sehemu 317 hivi za hewa ya makaa. Mwaka wa 2023 zilipita 420. Blanketi linazidi kuwa zito, bahari zinapata joto, na hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Mwishowe maji hayo lazima yaanguke mahali fulani.

Tena, si wote wanaofuma blanketi sawasawa. Kwa kuchoma mazutu, gazi na makaa ya mawe, Mbelgiji mmoja hutoa tani 7 hivi za hewa hiyo kwa mwaka. Mkongomani mmoja hafiki hata sehemu ya kumi ya tani moja. (Sihesabu hapa misitu tunayoikata wenyewe ili kupata mashamba na makala. Hayo ni mashitaka mengine, na ndani yake sisi hatutakuwa walalamikaji.)

Basi, mashitaka haya ya Ubelgiji yana historia ndefu. Mwaka wa 2014 watu 11 walipatana kuiandikia serkali barua ya kuiita mbele ya sheria, na mwaka uliofuata wakapeleka neno lao tribunalini. Waliita shauri hilo Klimaatzaak, ndiyo kusema shauri la hali ya hewa. Wengine wakaja kuandika majina, mpaka walalamikaji wakapita 58,000. Binti yangu ni mmoja wao. Hata miti 82 iliombewa ruhusa ya kuingia katika shauri! Waamuzi waliikataa, maana sheria ya kule haijui mti kuwa mtu. Nilipoambiwa habari hiyo nilicheka sana, kisha nikaacha kucheka. Kwetu zamani ilikuwapo miti ambayo mzee hakuthubutu kuitia shoka bila kusema nayo kwanza.

Mnajua ni nini kilichochelewesha shauri hilo miaka mitatu? Lugha. Flandre ilitaka lisemwe kwa Kiholanzi, walalamikaji walilipeleka kwa Kifaransa. Wakashindana mpaka tribunali ya juu kabisa ilipoamua mwaka wa 2018 kwamba Kifaransa kitabaki. Sisi tuliotawaliwa na Wabelgiji hatushangai. Hewa ya makaa yenyewe ilizidi kupanda miaka ile yote bila kuuliza inapandishwa kwa lugha gani.

Hata tarehe 17 juni 2021 waamuzi wa kwanza wakasema: kweli, serkali zote nne zimekosa. Zilijua hatari, ziliahidi, hazikutenda kama mtu mwenye busara. Lakini, wakaongeza, sisi waamuzi hatuwezi kuziambia zipunguze kiasi gani, kwa sababu hiyo ni kazi ya wale waliochaguliwa na watu. Kosa lipo, dawa haipo. Walalamikaji wakakata rufani, ndipo likaja lile neno la 55 katika 100.

Sasa turudi mezani.

Mkwe wangu alianza kwa heshima, maana kwetu kijana hainui sauti mbele ya baba wa mke wake. Akasema: “Baba, wewe umefanya kazi na waamuzi maisha yako yote. Niambie, nani aliyewachagua hawa? Mimi nilipiga kura kwa wajumbe wa bunge. Nikiona wamenitesa kwa kodi, nitawaondoa. Mwamuzi huyu nitamwondoa namna gani? Yeye ameandika 55 kwenye karatasi. Kesho waziri atapandisha bei ya mazutu ninayotia katika kamyo, na ile tunayopashia nyumba hii. Waziri atasema: si mimi, ni tribunali. Na tribunali itasema: si sisi, ni sheria. Mimi nitalipa bila kujua nimlilie nani.”

Akataja na Marekani. Huko mwaka wa 2007 tribunali kuu, waamuzi 5 kwa 4, ilisema kwamba sheria ya hewa safi ya mwaka wa 1970 inashika pia hewa hizi za kupasha dunia joto, hata kama wabunge wa wakati ule hawakuzitaja. Mwaka wa 2022 tribunali ile ile, waamuzi 6 kwa 3, ikasema kwamba watumishi wa serkali hawawezi kuvilazimisha viwanda vya umeme kuacha makaa na kushika njia nyingine, isipokuwa bunge limewapa ruhusa kwa neno la wazi. “Nchi moja, tribunali moja,” akasema, “waamuzi wakibadilika, na maneno yanabadilika. Je, hiyo ni sheria au ni hesabu ya viti?”

Binti yangu akajibu, na yeye hakujali tena heshima ya meza. “Wabunge wako waliahidi wenyewe! Mwaka wa 2015 Ubelgiji ilikubali mapatano huko Paris pamoja na dunia yote. Nani aliwalazimisha? Waamuzi hawakuzua deni, wamesoma hati ya deni tu. Na Uholanzi je? Mwaka wa 2019 tribunali yao kuu iliamuru serkali ipunguze 25 katika 100 mpaka mwisho wa 2020. Nchi ilianguka?” Kweli haikuanguka, na kipimo kile walikifikia, ingawa haifai kusahau kwamba ugonjwa wa korona, uliosimamisha magari na viwanda mwaka ule, uliwasaidia.

Wakanigeukia mimi wote wawili. Mzee akiwa mgeni hawezi kuepa.

Niliwasimulia mambo mawili niliyoyaandika kwa mkono wangu. Kila karani wa tribunali katika Kongo anakijua kifungu cha 258 cha sheria ya mambo ya raia, tuliyoletewa na Wabelgiji tangu mwaka wa 1888: mtu akimtia mwenzake hasara kwa kosa lake, lazima aiondoe hasara ile. Ni ndugu wa kifungu cha 1382 kilichotumika wakati ule katika Ubelgiji, na waamuzi wa Bruxelles walikishika kifungu hicho ili kuihukumu serkali yao.

Basi, mtu mmoja alichimba mfereji kupeleka maji katika mabwawa yake ya samaki. Maji yakapita katika maharagwe ya mjane mmoja na kuyaozesha. Mwamuzi akasema: umekosa, rekebisha. Hakuandika kina gani, wala siku gani. Yule mtu akatupa mawe matano mferejini, akasema nimerekebisha. Mjane akarudi tribunalini mara tatu, kila mara akilipa gharama ya karatasi, nami ndiye niliyezipokea franga zake. Mara ya nne mwamuzi akaandika: mfereji ufungwe wote kabla ya mwisho wa mwezi. Ukafungwa. Tangu siku ile siamini hukumu isiyo na kipimo, na kwa sababu hiyo ile ya mwaka wa 2021 ilinikumbusha mawe matano.

Lakini nilimwambia binti yangu pia jambo la pili. Mwamuzi mwingine, kwa shauri la takataka na harufu, aliamuru soko zima lihamishwe, na akachagua mwenyewe mahali pa kulipeleka. Hakuwauliza wamama wanaouza. Mahali pale palikuwa mbali na bandari ya mitumbwi, samaki walioza njiani, na baada ya majuma matatu wamama wakarudi pale pa zamani. Hakuna polisi aliyethubutu kuwagusa. Karatasi ya hukumu ile niliiweka katika sanduku, na sidhani kama mtu ameisoma tena.

Kwa hiyo nilimwambia mkwe wangu asiogope sana. Nilivyoelewa, waamuzi wa rufani waliandika kiasi na mwaka, lakini hawakuandika njia. Kama ni treni, au kodi, au kuziba baridi katika nyumba, au mashini za upepo baharini, hayo yote waliwaachia mawaziri na wabunge. Hata faini hawakuitoza: walalamikaji waliomba euro milioni 1 kwa kila mwezi wa kuchelewa, nao waamuzi wakasema wangoje kwanza hesabu za moshi wa miaka ya 2022 mpaka 2024. Wenye kuamuru soko zima hawaendi taratibu hivyo.

Mkwe wangu akaitikia kwa kichwa, lakini akasema neno ambalo sikuweza kulijibu: kiasi kikiwa kikubwa mno, kuchagua njia ni maneno tu, maana njia rahisi zote zitakuwa zimekwisha. Ni kweli. Waziri wa Flandre naye alisema karibu hivyo, na Flandre ikapeleka malalamiko yake kwenye tribunali ya juu.

Hapo ndipo binti yangu aliposema neno lililonifunga mdomo. “Baba, wewe ni mtu wa sheria. Mbona huwashitaki? Shangazi amekufa. Lete shauri la Nyamukubi, mimi nitatafuta avoka.”

Niwaelezeni wasomaji wa mbali. Alhamisi tarehe 4 mei 2023 mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe. Mito ikashuka na mawe na udongo juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Walikufa watu zaidi ya 400, na wengi hawakuonekana kamwe. Siku mbili kabla, ng’ambo ya ziwa katika Rwanda, mvua zilikwisha kuua watu zaidi ya 130. Dada yangu mdogo alikuwa ameshuka Nyamukubi na unga wa mihogo wa kuuza. Nilimtafuta siku sita kati ya mawe. Niliona kitambaa kilichofanana na chake, lakini vitambaa vya namna ile vinauzwa vingi.

Mkwe wangu akauliza polepole, tena bila ubaya: “Shahidi ni nani, mama watoto? Nani atathibitisha kwamba mvua ile ilitoka kwa moshi wa Bruxelles, na si mvua tu?”

Binti yangu alijua jibu, na jibu lilikuwa baya. Wako wanasayansi wa nchi mbalimbali, wanaitwa World Weather Attribution. Kazi yao ni kupima, baada ya mafuriko au ukame, kama joto la dunia limeongeza hatari au hapana. Mwezi wa juni 2023 walitoa habari juu ya maji ya Kivu. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana. Walisema haiwezekani kujua, kwa sababu vituo vya kupima mvua upande wetu ni vichache mno, na hesabu zinazotoka kwa satelite hazipatani. Kumbe maji yaliua watu mchana, mbele ya soko zima, na ushahidi haukuwapo.

Tazameni tofauti. Serkali ya Ubelgiji ilihukumiwa kwa daftari lake yenyewe. Kila mwaka inaandika tani zake za moshi na kuzipeleka kwa mataifa. Waamuzi hawakuhitaji kubahatisha, walisoma tu. Wabelgiji wanaweza kugombana kama mwamuzi aandike 55 au asiandike, kwa sababu namba zipo za kugombania. Sisi hatujafika huko. Na hata mkosaji akipatikana, si Ubelgiji peke yake iliyofuma blanketi. Ungewaita nchi ngapi katika tribunali ya Kalehe? Mwezi wa julai 2025 waamuzi wa mataifa walioko La Haye walisema kwamba nchi ikivunja wajibu wake juu ya hewa hizi inaweza kudaiwa malipo. Ni shauri tu walilotoa, si hukumu, na tena walisema lazima ionyeshwe kwamba hasara hii imetoka kwa kosa hili. Tunarudi kwa shahidi.

Nilinyamaza kwa sababu nyingine pia, ambayo sikumwambia mtu pale mezani.

Mwaka wa 1963 nilikuwa mtoto wa shule katika misioni ya kwetu. Nyuma ya sakristia kulikuwa na chombo cha kupimia mvua, kopo la bati juu ya mti mfupi, na Padri alinipa kazi ya kukisoma kila asubuhi saa moja, kisha kuandika milimita katika daftari. Alinifundisha kwamba milimita 1 ni litri 1 ya maji juu ya kila metre mraba. Mwisho wa mwezi alinakili namba zote na kuzituma Bukavu. Mishahara yangu ilikuwa sabuni.

Asubuhi moja ya mwezi wa aprili, baada ya usiku wa mvua kubwa, nilisikia baridi. Sikutoka. Niliandika 22, maana niliona inafanana na kweli. Kumbe Padri alikuwa amekwenda mwenyewe kabla ya Misa, na chombo kilikuwa na milimita 61. Hakunipiga. Alipiga mstari mmoja juu ya 22 yangu, akaandika 61 kando, akaniambia: “Siku moja mtu atasoma daftari hili, sisi wote tumekufa. Wewe hutakuwapo kumweleza kwamba ulisikia baridi.”

Asubuhi ile aliiona. Zile nyingine mbili, hakuziona. Nilikuwa nimekwisha kubuni namba mara mbili nyingine mwaka ule, na sikuungama kwake wala kwa mwingine mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Daftari limepotea, vita vimepita juu ya misioni ile mara nyingi. Chombo chenyewe kiliibwa, nadhani kikawa kikombe cha kupimia mafuta sokoni. Vituo vingine vingi vya wakati ule katika Kongo vilikufa vivyo hivyo baada ya 1960, kimoja kimoja, bila mtu kupiga kengele. Hatukuona kama ni hasara. Nani anaililia mvua ya jana?

Kabla ya kurudi, binti yangu alinipeleka katika duka la vyombo vya bustani. Nilinunua kipimo cha mvua cha plastiki, kwa bei ya mikate mitano ya kule. Nimekisimamisha mbali na mti na paa, kama nilivyofundishwa. Mke wangu analalamika kwamba kuku wanalala juu yake. Nimeambiwa kwamba ili kusema neno juu ya hali ya hewa, ya kweli na si ya mwaka mmoja, yatakiwa miaka 30 ya namba. Mimi sitaifikia, na kipimo kimoja si kitu kwa mlima mzima. Nimekwenda kwa mkuu wa kituo cha afya, na kwa walimu wa shule mbili za juu, kule mito inakoanzia. Mwalimu mmoja amekubali. Mwingine ameniuliza atalipwa nini, na sikumkasirikia, kwa kuwa mimi nililipwa sabuni.

Kwangu anayesoma ni mjukuu wangu, mwenye miaka 11. Juma lililopita aliandika sifuri siku mbili mfululizo, na usiku wa pili nilidhani nimesikia matone juu ya mabati. Sikumwuliza kitu. Nilitoka na taa mpaka chini ya mgomba, nikagusa udongo kwa mkono. Ulikuwa mkavu.